Urembo wa gari wa bei nafuu: kabla ya pambo, kagua gundi

Upepo wa Dodoma ukianza kusukuma vumbi, malalamiko ya wasomaji huwa ya aina moja. Vaiza (kile kikinga mvua cha juu ya dirisha) ya mlango wa kushoto imeruka kabla ya kufika Gairo. Nembo ya nyuma ya Toyota ist imebaki "i" na "t". Stika nyeusi ya paa imenyanyuka pembeni kama ngozi iliyoanikwa. Wote waliulizia rangi, bei, na kama kitu "kinaendana" na gari. Hakuna aliyegeuza pambo akatazama mgongo wake.

Kwa hiyo uzuri siugusi. Ukipenda kromu, ukipenda nyeusi, macho ni yako. Vitu nimevipanga kwa kipimo kimoja: kinashikwa na nini kwenye bodi, na hicho kinachokishika kitastahimili jua la hapa? Bati jeusi lililoegeshwa nje saa saba mchana hupita nyuzi joto 60 bila shida, na usiku wa Julai hewa hushuka hadi karibu 13. Bati na plastiki havitanuki sawa. Gundi iko katikati, inavutwa huku na huku kila siku ya Mungu.

Namba moja: vaiza, nembo na ukanda wa milango, kwa tepu uliyonunua mwenyewe

Plastiki ya vaiza nyingi za bei ya kawaida haina tatizo. Tatizo ni ule ukanda wa sponji uliokuja nao. Gundi yake mara nyingi ni ya jamii ya mpira: hushika papo hapo, ndiyo maana dukani inakufurahisha, ila joto likipanda inalainika na kuanza kuteleza. Na pambo lenyewe limening'inizwa kibarazani mwa duka miezi kadhaa, jua la mchana lote ni lake. Unauziwa gundi iliyokwisha kuiva.

Dawa ni tepu ya akriliki, na hapa sijifichi: mimi ni shabiki wa kampuni ya 3M, tepu zake za familia ya VHB. Namba 5952 ni nyeusi, ina unene wa milimita 1.1 na inavumilia nyuzi 93 kwa muda mrefu. Unene huo ndio unaomeza tofauti ya kutanuka kati ya bati na plastiki, kwa hiyo usikubali kuuziwa tepu nyembamba kwa maelezo kwamba "ni kali zaidi". Ganda jekundu si ushahidi wa lolote, hata za bandia zinalo. Kata kipande cha sentimita 3, toa ganda, vuta taratibu. Ya kweli hunyumbuka kama bablishi, mara kadhaa ya urefu wake, kabla ya kukatika. Ya bandia huchanika kama sponji la kuoshea vyombo, na ukiitazama ubavuni utaona vitundu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, umeshapata jibu.

Kwa milango minne ya gari dogo weka hesabu ya mita 4 hadi 5 za tepu ya upana wa milimita 10 au 12, ila pima vaiza zako kwanza.

Toa tepu ya zamani yote. Ipashe kwa draya ya saluni, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Kisu kitakwaruza rangi. Masalia yalainishe kwa mafuta ya taa kidogo, osha kwa sabuni, suuza, kausha. Thina isisogee karibu na bodi. Malizia kwa alkoholi ya isopropili na maji, nusu kwa nusu: kitambaa kimoja kinapaka, cha pili kinafuta kabla haijakauka yenyewe. Sanitaiza ya mikono usiitumie, kwani nyingi zina gliserini na zinaacha utelezi usioonekana.

Adui mkubwa kuliko vumbi ni dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi na matairi. Kijana wa kuosha magari akimaliza kazi hupitisha kitambaa kile kile kwenye fremu za milango, naye anadhani amekufanyia hisani. Juu ya silikoni hakuna tepu itakayoshika. Siku moja kabla, mwambie aoshe kwa sabuni tu.

Bandika kivulini, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, baada ya kumwagia maji ardhi inayolizunguka gari ili vumbi litulie. Kinachotakiwa ni bodi yenyewe kuwa na nyuzi 21 hadi 38. Saa moja asubuhi ya Julai bado ni baridi, na saa nane mchana bati linaunguza. Bonyeza kwa uzito wa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, yaani kidole gumba kwa nguvu zote, hatua kwa hatua, si kupapasa. Baada ya dakika 20 tepu imefikia karibu nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 asilimia 90, na baada ya saa 72 imekamilika. Ukibandika Ijumaa asubuhi, mashine ya presha isiguse gari hadi Jumatatu mchana, na safari ya Morogoro isubiri.

Mapambo ya bampa yana kikwazo chao. Chungulia upande wa ndani wa bampa, mara nyingi utakuta herufi PP zimechapwa. Hiyo ni polipropilini, plastiki isiyopenda gundi. Sehemu zake nyeusi zisizopakwa rangi zinataka praima ya kushikisha kwanza (3M wanayo, Primer 94): futa mara moja, nyembamba, iache ikauke dakika chache, ndipo ubandike. Bila hiyo, hata VHB itatoka na pambo mkononi.

Nembo usizibandike kwa gundi ya sekunde. Hukakamaa, haihimili mtikisiko, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi. Silikoni inayonuka siki nayo ni hasara: inaweza kuozesha bati lililokwaruzika, na fundi rangi akija baadaye rangi yake haitashika hapo.

Namba mbili: stika nyeusi ya paa, vioo vya pembeni na nguzo za milango

Dukani utaambiwa zote ni vinaili, na ni kweli, lakini kuna mbili. Moja hukandamizwa kwa roli ikiwa kiwandani, kwa hiyo ina mvuto wa kurudi ilikotoka: ipe jua na itasinyaa, iache mstari wa gundi uchi pembeni, na vumbi lijae hapo. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, haina kumbukumbu hiyo. Hii ya kumiminwa ndiyo ya gari. 3M 2080 naiweka juu. Avery Dennison SW900 na Oracal 970 zinafuata, na ukizikosa zote tatu, subiri. Oracal 651 ni nzuri kwa maandishi ya ubavuni mwa kirikuu, si kwa paa.

Roli ina upana wa mita 1.52, unatosha paa la gari dogo kwa kipande kimoja. Pima urefu, ongeza sentimita 10 kila upande. Kioo cha pembeni kimoja kinakula kipande cha sentimita 50 kwa 50. Agiza ije imeviringishwa kwenye bomba la karatasi; ikikunjwa kama shuka, alama za mikunjo hazitoki.

Makosa hutokea kwenye kona. Ukivuta stika ikalala vizuri, usifurahi bado. Sehemu iliyovutwa ipashwe tena hadi ipite nyuzi 90, la sivyo itarudi. Draya ya saluni hufika hapo kwa shida, azima hitagani (bunduki ya hewa moto) kwa fundi. Pembe zipitilize milimita 5 ndani ya ukingo. Wembe ukate hewani au juu ya raba, kamwe si juu ya rangi. Gari lililopulizwa rangi upya gereji liache, kwa sababu siku ya kubandua stika rangi itafuatana nayo. Na ukitaka kufunika gari zima, kumbuka kadi imeandikwa rangi. Maliza na TRA, mamlaka ya mapato, kabla trafiki hajakuuliza.

Kuhusu bei, sijaandika hata moja kwa makusudi. Duka halina bandiko la bei, na swali la kwanza la muuzaji si urefu wa tepu unaotaka bali gari ulilokuja nalo. Mwenye Harrier ana bei yake, mwenye Passo ana yake, kwa roli ile ile. Ukiuliza kwa nini imepanda kuliko Kariakoo, jibu ni usafiri. Usafiri wa nini? Roli ya tepu inaingia mfukoni! Kilomita kama 450 haziwezi kuigeuza kitu cha anasa. Omba bei kwa simu kabla hujafika, kisha nenda kwa miguu.

Namba tatu: rangi ya mpira inayobanduka, kwa rimu na shoo (grili) ya mbele

Plasti Dip ndiyo inayojulikana. Inashika kwa unene wake, na hapo ndipo watu hubana matumizi vibaya. Tabaka mbili nyembamba hazibanduki kamwe, utazichuna kwa kucha mwezi mzima. Weka tano au sita, ukisubiri angalau dakika 15 kati yake. La kwanza liwe hafifu, rimu ionekane chini yake. Kopo moja kwa rimu moja. Tepu ya karatasi uliyokingia pembeni ibandue wakati tabaka la mwisho bado ni bichi. Usiipulize karibu na mdomo wa tangi, petroli huiyeyusha.

Namba nne: taa zilizogeuka njano

Hapa gundi haipo, ila kosa ni lile lile la kulipia kinachoonekana. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi: taa inarudi kama mpya. Seti nyingi za kusafishia taa za bei ya chini zinaishia hapo, na umeshaondoa ngozi iliyokuwa inazuia jua. Nunua yenye kliya (rangi angavu ya juu) ya kuzuia miale ya jua, au usiguse. Dawa ya meno ni ya kuuzia gari, si ya kukaa nalo.

Vilivyobaki

Ukanda wa kromu wa kujibandikia: tupa gundi yake, tumia VHB. Matundu ya uongo ya boneti: hapana. Vifuniko vya rimu: vifunge kwa zip tie, yaani kamba nyeusi za plastiki za kujikaza, mbili kila kimoja, mkia ukatwe usigonge, na usivipitishe karibu na vali ya upepo.