Oolong Nyeusi za Wuyi: Kabla Hujalipa, Tazama Makapi

Malalamiko yamekuwa mengi. Mnaniandikia kwamba mmenunua Da Hong Pao, ile oolong maarufu ya Wuyi, kwa bei ya kutisha, mmeitengeneza kwa uangalifu wote, na mkaambulia maji meusi yenye ladha ya majivu. Halafu mnanitumia picha ya boksi: jekundu, maandishi ya dhahabu, vipakiti vya gramu nane nane. Boksi la nini? Nitumieni picha ya makapi, yale majani yanayobaki chai ikishamiminwa.

Chai hizi za oolong, yaani zilizo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, za milima ya Wuyi, mkoani Fujian, China, hubanikwa polepole ndani ya vikapu vya mianzi, juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa. Moto ukiwa wa kiasi, jani huwa bado zima. Likishakunywa maji linalainika, unalikunjua kwa kidole, na mgongoni utaona vinundu kama ngozi ya chura. Moto ukizidi, jani hufa. Hata ulimiminie maji ya moto mara tano, litabaki limejikunja, gumu, jeusi tii, na ukilibana linavunjika vipande vipande. Na mara nyingi huunguzwa makusudi, maana moto mkali huficha majani duni na mzigo uliolala stoo. Wanunuzi husoma jina, husoma bei, hunusa pakiti, kisha makapi huyamwaga bila hata kuyatupia jicho!

Msichanganye na chai iliyotoka motoni juzi. Hiyo nayo hunuka moto, lakini majani yake hufunguka. Ifungie kwenye kopo miezi michache, itatulia.

Kati ya aina za chai hizi, nafasi ya kwanza naipa Shui Xian, na sioni haya kusema napendelea kopo la Lao Cong (yaani ya miti mizee) Shui Xian la Sea Dyke, chapa ya jiji la Xiamen. Moto wake ni mzito, si wa kila mtu, lakini jani kubwa la Shui Xian linaustahimili, na maji ya tano bado yana utamu unaobaki kooni. Sijaona sababu ya kuhama.

Ya pili ni Rou Gui, yenye harufu ya gome la mdalasini. Ingekuwa ya kwanza kama si wauzaji. Rou Gui inayosifiwa kupita zote hutoka Niulankeng, kibonde chembamba kati ya majabali. Sasa hebu niambieni, kibonde hicho kinalishaje kila duka la mtandaoni lenye jina hilo kwenye pakiti? Nunua Rou Gui ya kawaida, mdalasini utausikia vilevile.

Da Hong Pao yenyewe naiweka ya tatu. Ile miti mama sita, miti ya asili ya chai hii iliyoko bonde la Jiulongke huko Wuyi, haichumwi tangu 2006, kwa hiyo anayekuahidi majani yake anakudanganya mchana kweupe. Nyingi inayouzwa leo ni mchanganyiko wa chai mbalimbali za Wuyi. Kuchanganya si dhambi, kuna wanaochanganya vizuri sana. Kinachoniudhi ni kulipishwa hadithi.

Nje ya Wuyi, Tieguanyin iliyobanikwa, oolong ya Anxi katika mkoa huo huo wa Fujian, inamfaa anayeanza, mradi usipewe ile ya kijani. Za vipakiti vya kuchovya ni vumbi tu.

Kutengeneza si kazi: bakuli dogo la kifuniko la mililita 100, majani gramu 5 au 6, maji yanayotokota. Maji ya kwanza yakae sekunde kama 15 kisha mimina yote, usiache hata tone, na kila mzunguko ongeza muda kidogo. Maziwa na tangawizi viacheni kwa chai yetu ya asubuhi.

Mnaofuata mizigo Guangzhou mna bahati, soko la chai la Fangcun liko huko huko. Desturi ni kuketi na kuonjeshwa kabla ya kununua. Kunyweni bila haraka, kisha ombeni bakuli, mwageni majani kwenye sahani na mkunjue matatu manne mbele ya mwenye duka. Yakifunguka, chukua gramu 50 kwanza, hata akikubembeleza kwa punguzo la kilo. Akinuna, maduka ni mengi.