Riwaya mpya: hela yako uipeleke wapi kwanza, wapi mwisho

Mwezi uliopita nilikuwa na elfu ishirini ya kitabu, kitabu kimoja tu, na nilitaka riwaya ya kutisha. Nikazunguka nayo siku mbili mjini kabla sijaitoa mpaka mdogo wangu akanishangaa, we dada si kitabu tu hicho. Mi kitabu kibaya kinaniuma jamani, hela inauma na ile Jumapili nzima niliyokaa nacho inauma zaidi.

Kwa hiyo nawapangia hapa sehemu za kununulia kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na kipimo changu ni kimoja: je, nitaruhusiwa kufungua katikati kabla sijalipa? Sio ukurasa wa kwanza, huo kila mwandishi anaupiga pasi, na yale maneno ya nyuma ya jalada yameandikwa na anayetaka ununue. Pitiliza mpaka robo tatu ya kitabu, soma kurasa mbili, hapo ndo mwandishi ameshachoka na utamwona alivyo.

Kwenye riwaya ya kutisha natafuta hofu inamfanya mtu afanye nini. Ukikuta "aliogopa sana", "mwili ulimsisimka", "damu ilimganda" zote kwenye ukurasa mmoja, rudisha kitabu. Mnakumbuka Popobawa, lile pepo lililosemekana linavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilivyotikisa Zanzibar 1995? Watu wazima na nyumba zao walitoka wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wanakesha pamoja. Hakuna haja ya kuniambia waliogopa, mtu akibeba mkeka wake kutoka chumbani kwenda uani nshaelewa, alafu ukinionyesha na yule bibi aliyegoma kutoka akabaki ndani peke yake, hapo mimi silali. Kitabu chenye mkeka kama huo nanunua hata kama jalada ni baya.

Fantasia kipimo chake ni gharama. Uchawi wa kwenye hadithi unamgharimu nini anayeutumia? Kama shujaa kabanwa sura ya 20 alafu ghafla anapata nguvu ambayo haikutajwa popote huko nyuma, mwandishi kakwama na anakukwamisha na wewe. Mfano mzuri wa kujipimia ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, ilitoka 2021 na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Ursula K. Le Guin. Ni Kiingereza lakini bahari ni yetu kabisa, binti wa mvuvi anaingia baharini kumtafuta baba yake ndani ya chombo cha mifupa, na paka anayeongea yuko naye. Maajabu yote hayo na bado unasikia harufu ya samaki. Kwa Kiswahili nenda na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, sio mpya ila ukishaisoma utajua mzimu ukiandikwa vizuri unakuwaje, maana yule babu aliyefufuka anakuja kumdai mjukuu maisha anayoishi.

Riwaya za maisha ya leo nazisoma kwa sauti, hata dukani, kwa sauti ndogo. Nasoma mazungumzo tu. Mama muuza samaki wa Feri akiongea kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, naacha. Naangalia pia kama kuna hela ndani ya hadithi, kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, bando lililokata katikati ya ugomvi. Vijana wawili wanaanza maisha Dar na hakuna anayewaza kodi, hao mimi siwaamini.

Haya, sehemu zenyewe.

Ya kwanza ni duka la vitabu la kuingia kwa miguu. Dar nenda TPH pale mtaa wa Samora, Nairobi kuna Text Book Centre, na kwa waandishi wanaojichapishia wenyewe kuna Nuria. Ndio, bei iko juu, na Kenya vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, sheria ambayo mimi inaniudhi mpaka leo, lakini hapa unasimama, unafungua, unasoma, hamna anayekufukuza. Kama huna hata pa kuanzia muulize muuzaji riwaya zilizoshinda tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, hizo zimeshapita kwa majaji. Bado fungua katikati.

Ya pili, vitabu vya mitumba vya barabarani, hasa kwa fantasia na za kutisha za Kiingereza. Hapa bei inaongeleka na muuzaji ukimsalimia vizuri, kaka habari za saa hizi, naomba nipitie kidogo, atakuachia hata nusu saa. Ila kuna mitego miwili. Fantasia nyingi ni mfululizo na barabarani kuna kitabu cha 2 bila cha 1, kwa hiyo angalia namba ubavuni. Alafu hesabu kurasa. Niliwahi kununua kimoja safi kabisa, jalada linang'aa, nafika ukurasa wa 96 nikageuza nikakuta 113. Vitabu vingi vinakunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo likiruka fungu moja zinaondoka zote kwa pamoja na wala huoni pengo ukikiangalia kwa nje. Pitisha kidole gumba kwenye namba za chini, dakika moja tu. Na ukiona maandishi yamepinda na kuna kivuli cheusi karibu na mshono, hiyo ni fotokopi, mwandishi hapati hata senti hapo, mwachie.

Ya tatu ni kwa mwandishi mwenyewe, unamtumia hela kwa simu anakuletea kitabu kwa bodaboda. Napenda sana kuwaunga mkono hawa na wengine wanaandika vizuri kuliko wa madukani, tatizo hufungui kitu. Mwombe akupigie picha ukurasa wowote UNAOUTAJA WEWE, mwambie nipigie wa 140. Anayejiamini anapiga hapo hapo. Muulize pia nani alikihariri, asipokuwa na jibu jiandae kukuta jina la shangazi linabadilika katikati.

Ya mwisho, simulizi za episodi za kwenye magrupu ya WhatsApp. Sizidharau, utamu wa kukatiza hadithi mahali pabaya hawa wanaujua hasa, wamerithi kwenye hadithi za magazeti tulizokuwa tunagombania nyumbani kila wiki. Lakini unalipia kitu ambacho hakijaandikwa. Mimi nililipa buku tano kwa simulizi ya jini wa mbuyuni, ilikuwa nzuri kwa kweli, binti anasikia mtu anatwanga usiku kinuni kwao na kinu kiko ndani kimefungiwa, ikafika sehemu ya 41 na admini akanyamaza mpaka leo, sijui nani alikuwa anatwanga. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela muulize, imeshaisha kuandikwa? Akisema inaisha wiki ijayo, tuma wiki ijayo.