Kilemba cha pamba au cha satini?

Kwa kulala, mimi nachagua satini bila kusita. Nywele za kipilipili hukauka haraka kwa sababu mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, na pamba hunyonya hata ule unyevu mdogo uliobaki. Isitoshe, inakwaruza: kila unapogeuka kitandani, ncha za nywele husuguana na kitambaa, zikajifunga mafundo na kukatika. Satini inateleza. Asubuhi twisti zako, yaani nywele ulizosokota, bado zimekaa, na kuchana hakuumi.

Mchana mambo hubadilika. Pamba hupitisha hewa, hufyonza jasho, na fundo lake halilegei ovyo. Unafunga mara moja, unaendelea na shughuli zako. Satini nyingi siku hizi ni ya poliesta, uzi wa kiwandani usiopitisha hewa vizuri, kwa hiyo kwenye joto kichwa kinachemka, halafu kilemba chenyewe kinateleza na kukulazimisha kukirudisha mahali pake kila mara. Kwa mtindo pia pamba inashinda: inasimama, inakubali mikunjo, inapendeza na gauni pana au hata shati na jinzi.

Ukipenda pamba lakini unazihurumia nywele zako, shonea satini kwa ndani, au vaa kofia nyembamba ya satini chini yake. Na chochote utakachofunga, tafadhali usikaze sana kwenye paji la uso. Vinyweleo vya pale ni dhaifu. Vikivutwa kila siku huanza kunyonyoka, na vikishanyonyoka kwa muda mrefu huenda visirudi.