Hanja daraja la 8: nimekimaliza kitabu cha watoto, na haya ndiyo maoni yangu

Wageni wapya wakifika hapa Daejeon, Korea Kusini, kusoma Kikorea, haupiti mwezi kabla ya mmoja wao kuuliza: na zile herufi za Kichina, yaani Hanja, nazo tuzisome? Mimi husema zisome, ila usiziandike. Kitabu ninachokizungumzia leo kinafaa sana kwa hilo la kwanza, na kinakupotezea muda mwingi kwa hilo la pili.

Ni kitabu cha mazoezi ya mtihani wa Hanja wa daraja la 8, lile la chini kabisa, ambalo hufanywa zaidi na watoto wa shule ya msingi. Kina herufi 50 tu, na maelezo yote ni ya Kikorea. Jaladani kuna katuni ya sungura aliyevaa miwani. Nilikitoa kwenye rafu ya watoto kwa won 11,000, na muuzaji akaniuliza mwanangu yuko darasa la ngapi. Sina mtoto. Nikamwambia la kwanza.

Kwanza niwatoe hofu. Kikorea cha leo kinaandikwa kwa Hangul, herufi alizozitangaza Mfalme Sejong mwaka 1446, na unaweza kuishi huku miaka bila kuandika Hanja hata moja. TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, hauna Hanja. Wizara ya elimu iliweka orodha ya herufi 1,800 za kufundishwa sekondari tangu 1972, lakini Wakorea ninaosoma nao ukiwapa kalamu waandike hata neno la kawaida wanaanza kusukumiana. Kwa hiyo anayekwambia Kikorea hakijuliki bila Hanja anakutisha bure.

Ila zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo kwenye kamusi kuu ya taifa yana asili ya Kichina, na hapo ndipo kitabu hiki kinapoanza kurudisha hela yako. Sisi tunaosema kitabu, katibu, maktaba na mkataba hatuhitaji somo refu: hata asiyejua alifu wala be anasikia kwamba hayo yametoka tumbo moja. Kikorea nacho kina koo za namna hiyo. Hak ni kusoma: hakgyo shule, haksaeng mwanafunzi, daehak chuo kikuu, banghak likizo ya masomo. Ukishaikamata hak, neno jipya likija unalipokea kama mtu uliyewahi kumwona mahali.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi kila herufi inavyotajwa kwa maana yake ya Kikorea asilia ikifuatiwa na sauti yake. 水 husomwa “mul su”: mul ni maji kwa Kikorea chenyewe, su ndiyo sauti utakayoikuta ndani ya maneno marefu. Watoto hukariri hivyo kwa kuimba, nami nilikariri hivyo hivyo kwenye basi, kwa sauti ya chini.

Herufi iliyonipa faida kuliko zote ni 寸, chon. Kitabu kinaipa kurasa mbili kama wenzake, lakini ilistahili kumi. Wakorea wanapima undugu kwa chon. Mzazi na mwanawe ni chon 1, ndugu wa kuzaliwa pamoja ni 2, ndugu wa mzazi wako ni 3, na watoto wake ni 4. Ndiyo maana samchon, yaani chon tatu, akawa baba mdogo, na sachon, chon nne, akawa binamu. Sasa weka mbele 外, oe, yenye maana ya nje, nayo imo humu humu kitabuni. Unapata oesamchon: mjomba. Wa nje, kwa sababu anatoka upande wa mama! Bibi mzaa mama naye ni oehalmeoni. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, alisema hao watu hawajajua mjomba ni nani.

Oe hiyo hiyo ndiyo iliyo kwenye oegugin, mtu wa nchi ya nje, yaani mimi. Na ndiyo iliyo kwenye oegwa, idara ya upasuaji, ambayo mwenzake ni naegwa, magonjwa ya ndani. Jengo la kliniki karibu na chuo chetu lina ubao wa ghorofa zote pale mlangoni, na siku hizi nausoma kuanzia juu hadi chini bila kutoa simu mfukoni.

Kasoro sasa. Mpangilio wa herufi ni wa mtoto. Zimo wang, mfalme, na gun, jeshi, lakini mtu mzima anayeumwa anataka yeom. Msimu wa machipuko pua yangu haifai, na daktari aliandika biyeom. Yeom ni uvimbe wa ugonjwa: wiyeom wa tumbo, jangyeom wa utumbo, ganyeom wa ini. Familia nzima ya maradhi kwa silabi moja, na hutaikuta mpaka madaraja ya mbali huko.

Halafu kitabu hakikuonyi kwamba sauti moja hubeba herufi nyingi. Bi ya biyeom ni pua. Bi ya byeongwonbi ni gharama, bili ya hospitali. Na bi peke yake, Kikorea asilia, ni mvua. Ukikariri sauti bila kuangalia neno zima, utampelekea daktari pua ulipotakiwa kupeleka pesa. Jedwali la ukurasa mmoja lingetosha.

Kuhusu kuandika, vijisanduku vimejaa kila ukurasa. 學, ile hak yetu, ina mistari 16, na karatasi ni nyepesi kiasi kwamba wino unatokea upande wa pili. Wenzangu wa kutoka China bara wananiangalia nikihangaika, maana wao wanaandika 学, umbo lililorahisishwa, mistari 8, wakaendelea na mambo yao. Mtihani wenyewe wa daraja la 8 hauombi uandike herufi kutoka kichwani: huuliza sauti, maana, na kidogo mpangilio wa mistari. Nilijaza vijisanduku mpaka robo ya kitabu, nikaacha, na sikuona nilichopungukiwa.

Kama bado uko mwaka wa lugha na ufadhili wa serikali ya Korea unakudai TOPIK daraja la 3 kabla ya kuingia chuo, kiache dukani. Fanya sarufi na kusikiliza. Ukishavuka hapo, maneno yanapoanza kuja kama siafu, kichukue. Soma herufi mbili kwa siku, kila moja itafutie maneno matano unayokutana nayo kweli, uyaandike kwa Hangul kwenye daftari lako.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Vya mtumba vipo vingi kwa bei ya chini, kwa sababu watoto huvitupa wakishafaulu, ila kabla hujalipa fungua nyuma uangalie kama kurasa za majibu zipo. Wazazi huzichana ili mtoto asiibie.