Kozi ya video ya PAP na CHAP: nimeipenda, ila dibagi (kusaka kosa) wamebana
Nimemaliza hii kozi ya kuseti PPP (itifaki ya kuunganisha vifaa viwili moja kwa moja) kati ya ruta mbili za Cisco na sijutii. PAP na CHAP ni njia mbili za ruta kuthibitishana kwa paswedi. PAP wameipitia fasta, sawa tu, inatuma paswedi wazi wazi nani anaitaka siku hizi. Utamu uko kwenye CHAP, jamaa anaonyesha ruta moja inavyorusha swali na mwenzake anajibu kwa heshi ya MD5 (kodi inayokokotolewa kutoka kwenye paswedi na hilo swali), paswedi yenyewe haipiti kwenye waya kabisa. Mimi lab ilinikwamisha saa nzima, laini inapanda inashuka, kumbe kwenye yuzaneimu nimeweka jina la ruta yangu badala ya ile ya upande wa pili 😅 Dibagi wameipa dakika mbili tu jamani, na ndiyo iliyoniokoa.