Hadubini ya macho mawili, baada ya miezi minane na wadudu wa mtoni

Niliinunua Kariakoo, yenye ukuzaji wa mara 10 hadi 40, kwa ajili ya trikoptera ninaowaokota kwenye vijito vya Uluguru. Ni wadudu wanaofanana na nondo wadogo, na lava (mabuu) wa wengi wao hujijengea ala ya mchanga au vijiti kwa hariri yao wenyewe.

Huwezi kutangaza spishi mpya kwa kutazama mabawa tu. Nakata ncha ya tumbo la dume, nailoweka kwenye potasiamu haidroksaidi hadi nyama iyeyuke, kisha naitia kwenye gliserini. Hapo ndipo hadubini hii ilinishangaza: kwa mara 40 nauona mkono wa kushikia jike, umepinda, na vinyweleo vyake vinahesabika. Kwa viungo kama hivyo mtafiti Halil Ibrahimi na wenzake walimtenganisha trikoptera aitwaye Potamophylax coronavirus wa Kosovo na ndugu zake, wakamwelezea mwaka 2021. Mto wake, Deçan, umeharibiwa na ujenzi wa mtambo wa umeme. Inauma sana.

Kasoro ipo. Kichwa cha hadubini kinateleza chenyewe, picha inapotea ukiwa katikati ya kuchora. Muuzaji alikataa kunibadilishia. Taa ya chini nayo ni hafifu, nikaongeza ya mezani.

Kwa kuchambua sampuli, nunua bila wasiwasi. Kwa michoro ya kuchapisha, utahitaji yenye nguvu zaidi. Ukiwa dukani, inua kichwa chake, kiache dakika tano, uone kama kinashuka.