Opticks ya Newton: ya 1704 au ya 1718?
Jamani, kama unatafuta kopi ya Opticks, kile kitabu cha Newton cha mwanga na rangi, mimi moyo wangu uko kwa ile ya 1704 ya London, maana ndo ya kwanza kabisa, ni kubwa, na jina la Newton halipo hata kwenye ukurasa wa mbele, utakuta tu herufi I. N. mwisho wa dibaji. Ila ikague vizuri: michoro ya kukunja iko 19, hesabu mmoja mmoja, ikunjue polepole uangalie kwenye mikunjo, hapo ndo karatasi inapochanika, na ukikosekana hata mmoja bei inaporomoka.

Ya 1718 ni ndogo, inashikika mkononi, michoro 12, zile makala mbili za hesabu kwa Kilatini zilizokuwa kwenye ya 1704 zimeondolewa, lakini yale maswali Newton aliyouliza mwishoni mwa kitabu yameongezeka toka 16 hadi 31, na kwa msomaji huo ndo utamu wenyewe.

Madoa ya kahawia yasikutishe. Mimi ya 1704 yenye madoa ila michoro yote ipo, naichukua kabla ya ya 1718 inayong'aa.